Ya Meli Hatusomi

Nilikata stempu zote kwenye barua za susu, na siku nilipomaliza nilimshukuru Mungu kwa kunipa mkono usiotetemeka. Hilo ndilo kosa lenyewe. Kila nikijaribu kulisimulia kwa namna ya kulifanya lionekane dogo, ile sala ya shukrani hunirudia na ninaona haya upya.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu ni mama ya mama yangu na anakaa Kikima, kule juu Mbooni, ambako ukungu wa Julai hulala shambani hadi saa nne. Sisi tunakaa Matinyani, karibu na mji wa Kitui, ambako ukianika shati halipati nafasi ya kudondosha maji. Nilipelekwa kwake baada ya kumaliza chuo. Mimi sikuwa na kazi, yeye alikuwa ameumia nyonga na hawezi kubeba ndoo, na mama akasema tutafaana.

Wakati huo nilikuwa tayari nimeshikwa na ugonjwa wa stempu. Ulianzia Emali, siku tuliyokwenda na mama kuonana na mnunuzi wa ndengu. Wao wakivutana juu ya bei, mimi nilitangatanga nikafika kwa mama mmoja aliyetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia. Hapo palikuwa na albamu ya stempu, kubwa, ya jalada la kahawia. Kila nchi ilikuwa na kurasa zake, na kila ukurasa ulikuwa na vyumba vya mraba, na ndani ya kila chumba picha iliyofifia ya stempu inayotakiwa kukaa pale. Mwenyewe wa kwanza alijaza kurasa mbili akachoka. Mtu mwingine angeona kitabu kikuukuu. Mimi niliona kazi iliyoachwa katikati, na vyumba vitupu vikinitazama, nikashindwa kuondoka.

Nilijifundisha mwenyewe kwa simu. Nilijua kwamba stempu haibanduliwi kwa kuvutwa. Unakata kipande cha bahasha ilipobandikwa, unakiloweka, unangoja gundi ilegee yenyewe. Nilijua kwamba unaishika kwa kibano kwa sababu vidole vina mafuta, kwamba unaikausha ikiwa imelala kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, kisha unaikandamiza chini ya kitabu kizito isije ikajikunja. Nilijua pia jinsi ya kuibandika. Kuna vipande vya karatasi nyembamba, vyenye gundi upande mmoja, vinavyokunjwa kama bawaba ya mlango. Upande mfupi unashika mgongo wa stempu, mrefu unashika ukurasa, na siku ukitaka kuitoa inatoka bila kidonda.

Nilijua hayo baada ya kuharibu. Stempu za kwanza nilizibandika kwa ugali, maana kwetu mtoto wa shule hutumia ugali wa jana kama gundi na hakuna anayeshangaa. Mende walikula ugali, wakala na stempu. Kundi la pili nililoweka kwa maji ya kisima cha Matinyani, nayo yana chumvi, zikakauka zikiwa na unga mweupe usoni kama watoto waliolia wakalala bila kunawa. Tangu hapo nikawa natumia maji ya mvua tu. Nilikuwa naupanga ukurasa, naupima kwa rula, na nikiona safu imeinama kwa unene wa unywele nabandua zote naanza upya. Mama alinitazama siku moja akasema nikimaliza kunyoosha karatasi ninyooshe na maisha yangu. Nilicheka, lakini nilinawa mikono kabla ya kuendelea.

Kule Kikima, susu alinituma chumbani kwake nikamletee leso. Juu ya kitanda, kwenye msumari, kilining'inia kiondo, na ndani yake zilikuwamo barua za mjomba.

Mjomba huyu sikumkuta. Ndiye kifungua mimba wa susu. Alikwenda kusoma ng'ambo, nchi ya baridi, mama yangu akiwa bado msichana mdogo, na akawa anaandika nyumbani kwa Kikamba, miaka baada ya miaka, mpaka akaugua huko, akafa huko, akazikwa huko. Nyumbani Kikima hakuna kaburi lake. Kuna kile kiondo.

Nilijua habari hiyo. Siwezi kusema sikujua. Lakini bahasha iliyokuwa juu ilikuwa na stempu ya ndege mwenye kifua chekundu, na ndege yuleyule alikuwa amefifia ndani ya chumba kitupu kwenye albamu yangu. Nilimpelekea susu leso, nikakaa mbele yake akichambua maharagwe, nikauliza kwa Kikamba changu cha mjini kama anaweza kuniachia nimtunzie zile karatasi. Neno nililotumia ni *kũsũvĩa*. Ndilo neno tunaloombeana nalo tukiagana, Mungu akusũvĩe, akulinde, akuhifadhi. Susu alitabasamu. Mimi nina jina la marehemu mume wake, na kwa desturi yetu hilo linanifanya mume wake, na yeye hunitania kwa haki zote za mke.

"Leo mume wangu amekumbuka ana nyumba," alisema. "Haya, zisũvĩe."

Yeye aliniruhusu kuzilinda barua. Mimi nilikuwa nazungumzia stempu, na nilijua neno langu ni pana vya kutosha kuzificha ndani yake. Hapo sikukosea lugha. Niliichagua.

Nilifanya kazi kwenye meza ya dirishani, mchana, mbele ya macho yake, na yeye akadhani napangusa vumbi. Jirani mmoja aliyekuja kuazima jembe aliniona na kibano, akamuuliza susu huyu mume wako anachagua mchele gani usio na mchele. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa naona fahari. Nilikata kila bahasha pembeni, mraba safi, pande nne sawa. Nililoweka, nikakausha, nikakandamiza. Stempu zilizokuwa na muhuri wa posta mweusi mno nilizisafisha kadiri nilivyoweza, maana wakati huo muhuri niliuona ni uchafu. Moja ilikuwa imechanika kona. Albamu yangu haikuwa na nafasi ya kitu kilichochanika, kwa hiyo niliitupa jikoni motoni pamoja na vipande vya karatasi. Sikumbuki hata kuitazama picha yake.

Barua nilizirudisha kiondoni zikiwa zimepangwa kwa urefu, kila bahasha na dirisha lake pembeni. Ndipo nikasali ile sala.

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani mapema. Susu alikuwa amechangamka. Mahubiri yalikuwa yamemfurahisha, na kuku wake mmoja alikuwa ameangua. Baada ya chai alinyoosha mguu wake mbaya juu ya kigoda, akaniambia nilete ya sungura.

Nilimuuliza sungura gani.

"Barua ya sungura," alisema, kama mtu anayemwambia mtoto lete chumvi. "Ile anayouliza muthokoi. Leo nataka kucheka."

Muthokoi ni mahindi yetu yaliyokobolewa, yanapikwa na maharagwe, na yanataka moto wa subira. Susu alinieleza kwamba mjomba alijaribu kuyapika kule kwa mahindi ya mkebe, yakawa uji, akaandika kuuliza alikosea wapi. Basi nikaingia chumbani, nikashusha kiondo, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilisimama nimekishika.

Susu hakwenda shule. Hajui kusoma. Bahasha zote zilikuwa za rangi moja, za mwandiko mmoja, na kitu pekee kilichomwambia hii ni ipi kilikuwa picha ile ndogo ya pembeni. Ya sungura, ya ndege, ya daraja, ya farasi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimpa bahasha mjukuu yeyote aliye karibu, akijua tayari atasikia nini. Wanawe wote walilijua hilo, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia, kwa sababu nani angefikiri kuna mtu atakayekata?

Ningeweza kurudi sebuleni nikasema. Badala yake nilichomoa bahasha moja katikati, nikatoka nayo, nikakaa, nikafungua. Nilijiambia nitaipitisha macho haraka nione kama ina neno muthokoi. Lakini Kikamba nakizungumza tu. Shule ilinifundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza. Kikamba cha kuandikwa, chenye vile vialama juu ya irabu, nilikisoma kama mtu anayetembea peku juu ya kokoto. Susu alikuwa amekwisha kufumba macho, anangoja. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Nilisoma silabi kwa silabi. Nikikosea irabu nilirudi nyuma nikairekebisha. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kusoma sawasawa, na nakumbuka, Mungu anisamehe, kwamba nilianza kuridhika na namna ninavyosoma. Maneno yalipita mdomoni yakiwa sauti tupu. Neno la hospitali likapita. Neno la damu likapita, likarudi tena. Kisha mjomba akasema, kwa mdomo wangu, kwamba madaktari wamemwambia ukweli na anaomba baba asiambiwe kwanza.

Niliinua macho. Mikono ya susu, ambayo haitulii, ilikuwa imetulia.

Na bado sikuacha pale. Sentensi ilikuwa imebakiza maneno machache, nikaimaliza. Sijui kueleza jambo hili kwa mtu asiye kama mimi. Siwezi kuacha kitu nusu. Nilimaliza sentensi, nikafika kwenye nukta, ndipo nikanyamaza.

"Hiyo ni ya meli," susu alisema polepole. "Ya meli hatusomi."

Aliomba bahasha. Nikampa. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kona ya juu, kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya taa gizani, kikatokea upande wa pili. Alilitazama lile tundu. Kisha akauliza meli iko wapi.

Nilimletea albamu. Nilitamani anitukane. Alifungua ukurasa niliomwonyesha, ambapo stempu za mjomba zilikaa kwenye safu zilizonyooka kama mistari ya daftari, akautazama, akasema ni pazuri. Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Kisha akaanza kuzigusa moja moja kwa kidole, na mara hii sikufikiria mafuta. Ya ndege, mjomba alipopata chumba chake cha kwanza. Ya daraja, alipoteleza kwenye theluji mbele ya mwalimu wake. Ya farasi, alipopata habari kwamba mama yangu ameota jino la utu uzima, akacheka kwamba sasa nyumbani kuna mzee mwingine. Alipofika mwisho wa safu alirudi mwanzo, kama aliyehesabu mbuzi zizini na hesabu ikakataa.

"Na sungura?"

Nikamwambia labda ameanguka mahali, nitamtafuta. Nilijua nilimpeleka wapi. Susu alifunga albamu, akasema nirudishe kila mnyama nyumbani kwake.

Nilianza kazi hiyo peke yangu, kwa sababu ya aibu, nikashindwa kujua ipi ni ya bahasha ipi. Ikabidi nimwombe tukae pamoja. Nilikuwa nikisoma mstari wa kwanza wa barua, yeye akisema hiyo ni ya nini, nami nikiitoa stempu kwenye bawaba yake na kuipeleka kwenye bahasha. Kisha nilitazama muhuri. Sehemu ya duara ilikuwa imebaki kwenye stempu, sehemu kwenye bahasha, na mahali ambapo makasi hayakula sana mistari ilielekeana. Ule weusi niliouita uchafu ndio ulionithibitishia kwamba susu hakosei, wala hakukosea hata mara moja. Zile nilizozisafisha mihuri hazikuwa na la kuniambia, nikamtegemea yeye tu. Nyuma ya kila tundu nilibandika karatasi ya kuishikilia stempu. Kazi ilikuwa safi. Sikuisifu.

Huku nyuma, kwa siri, nilikuwa natafuta sungura. Nilijua nchi, nilijua takriban miaka, na mtandaoni nikampata mkusanyaji mmoja wa Nairobi aliyekuwa naye. Nilimwandikia kama mtu anayeomba dawa. Stempu ilikuja kwa basi ndani ya bahasha ngumu. Ilikuwa nzuri ajabu. Meno yote ya ukingoni yamekamilika, rangi imesimama, muhuri umegusa pembeni tu. Niliibandika kwenye barua ya muthokoi, nikampelekea susu, nikamwambia nimempata.

Alisogea dirishani. Aliishika karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni mgeni," alisema.

"Susu, ni sungura."

"Ni sungura, nimekubali. Si wetu. Wetu amekatika sikio." Akanirudishia barua. "Soma mwisho kabisa."

Niligeuza ukurasa wa pili. Chini ya jina lake, kwa herufi ndogo, mjomba alikuwa ameandika kwamba stempu imemchanikia akiibandika kwa haraka kabla posta haijafungwa, na mama amsamehe sungura kwa kuja bila sikio. Nilisoma hayo kwa sauti. Hapakuwa na silabi iliyonikwama.

Basi nikamwambia. Nilimwambia nilimchoma yule wa kwanza jikoni, na kwamba sikumpoteza, nilidanganya, na kwamba huyu nimemnunua ili asijue. Susu aliuliza kwa nini nilimchoma. Nikasema ukweli, kwamba ni kwa sababu alikuwa amechanika.

Alinitazama toka juu hadi chini.

"Na mimi nyonga yangu ni mbovu, mume wangu. Mimi utanichoma lini?"

Alicheka peke yake. Mimi nilijaribu kucheka kwa sababu alitaka nicheke, machozi yakanitangulia, akaniambia nisimlowanishie barua, mwanaume mzima. Kisha aliniamuru nimtoe mgeni na nisibandike kitu kingine mahali pale. Nilimwomba niweke hata karatasi nyeupe, tundu lisichanike zaidi. Alikataa. Alisema barua ile atakuwa anaijua sasa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee iliyo wazi pembeni.

"Itaitwa ya shimo," alisema. "Haya, soma muthokoi."

Nikasoma. Mahali pa uji alicheka kama anavyocheka siku zote, akijipiga paja. Alikuwa amekwisha kunisamehe, na hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba. Kila anaponituma ile barua huitaja kwa jina lake jipya bila kinyongo, kama asemavyo ya ndege au ya farasi, na kila mara mimi ndiye ninayesikia nani aliyechimba.

Nimerudi Matinyani sasa, na nyonga ya susu imepata nafuu. Albamu bado ninayo. Ukurasa wa nchi ile ni mtupu, na alama za bawaba zinaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Stempu sizitoi tena kwenye bahasha. Mtu akiniletea bahasha ya zamani ninaiweka nzima, na kabla ya kuipokea namuuliza inamfanyia kazi gani. Kikamba nasoma bila kukokota. Nikienda Kikima, mimi ndiye msomaji wa susu, na ninasoma kila kilichomo kiondoni isipokuwa ya meli.